Vidonge Ulivyomletea Mama

Kaka,

Salamu zako zimefika. Cherehani yangu uliyoiulizia imepona. Ninayechemka ni mimi.

Tangu mama aambiwe ana kisukari, miaka mitatu nimemzoesha chai isiyo na sukari, mboga kila mlo, na kutembea asubuhi hadi kibandani kwangu. Wewe ukaja mwaka jana kwa siku nne na kopo lako la vidonge, ukamwambia, "Meza viwili, mama, kisha kula unachotaka." Sasa anatia sukari vijiko vinne, anameza, ananicheka. Nikimkanya, ananijibu, "Kijana wangu amesoma, bwana!" Mimi nani? Mshona nguo tu.

Jumanne hospitalini wamemkata vidole viwili vya mguu. Unadhani amekulaumu? Ameniagiza nikuulize kama unavyo vidonge vya kuotesha vidole.

Mjibu mwenyewe.

Ni mimi, dada yako ambaye hakusoma.