Redio ya Baba

Mdogo wangu,

Huku sote tuko salama. Goti la mama limepata nafuu, na yule paka wako kazaa jikoni, ndani ya kapu la viazi.

Nilikusikia kwenye habari ukimtaja mkuu wa chuo na alichokufanyia ofisini kwake ulipokuwa mwanafunzi. Najua pia umesoma majibu ya chuo, kwamba hata nyumbani unajulikana kwa uongo tangu utotoni.

Majibu hayo niliyachapa mimi. Mimi ni katibu wa huyo mkuu, ningefanyaje? Hapana, acha niseme yote. Alinivutia kiti, akaniuliza kwa upole, “Dada, huyu mdogo wako hajawahi kudanganya?” Nikamsimulia redio ya baba ilivyovunjika, ukachapwa, na bado ukakataa katakata, ukisema si wewe. Akatabasamu. “Basi andika hivyo.”

Na siku ile ulipotoka kwake vifungo vya blauzi vimepishana, nilikuona. Meza yangu si ipo pale pale mlangoni? Nikainamia droo, nikajifanya natafuta stempu mpaka ukapita. Uso wangu sijui niuweke wapi.

Barua hii mpe wakili wako. Akiniita, nitakuja kusema mbele ya huyo mkuu mwenyewe.

Mama nimeshamwambia, amelia. Sasa nakwambia na wewe: redio ya baba niliiangusha mimi.

Ni mimi dada yako, niliyesimama kando nikikutazama ukichapwa.