Jakuzi la Elieth na Magoti ya Mama Mkwe

Shoga uko wapi, nimecheka mpaka mbavu zinauma. Unalikumbuka jakuzi la Elieth pale Kikuyu, lile analowekea maji ya akiba kwa ajili ya mgao? Tangu lifungwe halijawahi kuwashwa.

Leo kaliwasha. Mama mkwe wake, bibi Anyesi, katoka Gulwe kutibiwa magoti, Elieth akamwambia ayaloweke humo, yeye akaenda kugeuza mboga.

Anarudi, anamkuta bibi kashika bomba, kafumba macho.

"Mwanangu, maji haya yana dawa. Yananitekenya mpaka kwenye mifupa."

Yananitekenya. Elieth akageuka kuangalia waya wa jakuzi. Mota imechomekwa kwenye ekstensheni, na fundi aliyelifunga jakuzi hakufunga kabisa waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Ile dawa ni umeme, shoga. Umeme.

Akakimbilia swichi kubwa, akazima nyumba nzima. Bibi katoka mzima, analalamika tu.

Jioni fundi mwingine kafunga ethi na breka ya kukata umeme ukivuja. Bibi kaingia tena, kashika bomba, kasubiri weee, kanuna.

"Mmeyaua maji. Na wanakwaya wenzangu nimeshawapigia, wako njiani na magoti yao."