Mbuzi wa Kajiado

Jumanne, Tassia

Eti "mbuzi wa Kajiado," Wambui kasema kwenye televisheni. Kajiado! Yale magoti ya mbuzi tulinunua machinjioni Kiamaiko, mimi na Wambui, tukayabeba kwa ndoo hadi maabara tukatoe chembe hai za gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo. Kumbe Kiamaiko inanuka hata kwenye televisheni.

Chembe zetu zimekubaliwa kwenda angani. Huko hakuna uzito, na tunataka kuona kama zitajenga gegedu nene kuliko hapa chini, labda siku moja lisaidie magoti ya watu. Kazi ni ya sisi wawili. Leo kwenye habari za jioni Wambui alikuwa peke yake.

Akaulizwa, kwa nini angani? Akatabasamu. "Chembe huko juu ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Hajui chini ni wapi, kwa hivyo anakua bila kukanyaga chochote."

Hayo ni maneno yangu! Niliyatunga hapa jikoni nikimweleza mama, halafu mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu, nikamsimulia Wambui.

Nikamwandikia: "Niaje, jina langu liko wapi?"

"Maze, walikata. Usijali."

"Na Kiamaiko, pia walikata?"

Amesoma. Nikaiweka simu kando.

Hilo ningelimeza. Lakini mama alikuwa kando yangu kwenye kochi, nikimkanda magoti yake yaliyovimba, na macho yake hayakutoka kwenye televisheni.

"Huyu msichana anajua kueleza," akasema. "Wewe kila siku unaniambia mambo ya hiyo kazi, na sijawahi kuelewa kitu."

Nikaendelea kukanda.