Mtoto Wetu Amepata Bendi

2 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, zitakazobaki uwagawie wa nyumbani kwako. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto unalalamika nikikanyaga cherehani, nami naujibu kwamba sare za shule hazijishoni zenyewe. Barua nampa karani wa basi kwa sababu simu hukatika kabla sijamaliza kumsifu mtoto, na safari hii sifa ni nyingi.

Mwanangu Babu sasa ni mpiga besi. Tulipompa jina la marehemu baba tulidhani atarithi ule ubishi, kumbe karithi masikio. Mwalimu wa muziki wa shule ninayoishonea sare alimruhusu kulipiga gitaa la shule kila jioni, na sasa mwalimu mwenyewe ndiye anayemuuliza vidole viende wapi. Sisemi kwa kuwa ni mwanangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ni mwanangu.

Hapo mjini kwako kuna bendi ya ile hoteli kubwa karibu na benki. Mpiga besi wao ameacha kazi, na mwezi ujao wanajaribu vijana. Ni ajira kamili, si ya leo upo kesho haupo. Sharti ni moja, kila mtu aje na gitaa lake. Babu ana miaka ishirini na sita na kazi ya kueleweka hajapata, na gitaa la shule halitoki getini.

Ameona kwenye simu kuna fundi redio, mtaa wa pili kutoka kwako, anauza gitaa la besi la umeme. Jina lililoandikwa kichwani mwake hakuna anayelijua, hata mwalimu. Babu yuko tayari kulinunua hivyohivyo, bila kulishika. Mimi kitambaa sikinunui mpaka nimekifinya na kukinusa, sembuse kitu cha kuimba. Basi nenda wewe, uwe macho yangu. Nenda na mtu mwenye masikio. Wewe ni mama yake mdogo, ukienda wewe ni kama nimekwenda mimi.

Dada yako

10 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, joto tu ndilo linatuchosha, na barafu zangu zinanunulika kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo silitukani sana. Pole na mguu.

Nimekwenda kwa fundi, na nimeanza kwa kugombana naye. Gitaa lina nyuzi nne, na magitaa yote niliyowahi kuyaona yana sita. Nikamwambia arudishe zile mbili alizong'oa, nina dada mkali. Mtu wa watu akaendelea kulifuta vumbi kwa adabu. Kibonge wangu, mwanangu niliyekwenda naye, ndiye aliyenivuta kando na kuniambia, "Mama, besi ni nyuzi nne, usituaibishe."

Ni la rangi ya chungwa iliyopauka, zito kama mtoto aliyelala, na ubavuni lina alama kama limeguswa na pasi. Fundi hajui lilitengenezwa wapi. Kibonge alilichomeka kwenye spika akalipapasa, maana naye hupiga kidogo na vijana wenzake wa karakana ya viatu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia kifua kinatikisika. Ilibidi fundi amwombe mara mbili ndipo alirudishe mezani.

Uliza unalotaka kuuliza, nitarudi kwake.

Mdogo wako

16 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, nasi tumo, tunavuta siku. Babu amezicheka zile nyuzi mbili mpaka chai ikampanda puani. Nikacheka naye, ingawa kusema kweli nilikuwa nimeshamkasirikia fundi kwa niaba yako.

Anauliza mambo mawili. Shingo imenyooka? Anayejua afumbe jicho moja aitazame kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao. Na nyuzi zikibonyezwa kule chini karibu na tumbo la gitaa, zinakoroma? Zikikoroma tuachane nalo.

Sasa nikunong'oneze, maana nitajivuna kwa nani mwingine? Babu amefahamiana kwa simu na mpiga ngoma wa bendi ile, naye kamwambia kwamba wakubwa hawataki vidole vya mbio. Kila kijana atapewa wimbo wa polepole, bila ngoma, wasikie nani anajua kunyamaza baina ya sauti na sauti. Wenzake wote wanajifunza kukimbia, wangu anajifunza kunyamaza. Juzi nilikwenda shuleni kupima watoto sare, nikamsikia akipiga chumba cha jirani, dum, halafu kimya, halafu dum. Nikasahau nilikuwa nampima nani. Yupo mtoto atavaa kaptula ya mwenzake kwa sababu ya Babu.

Usimwambie mtu. Ukisema gitaa ni zima, tunalichukua siku hiyohiyo.

Dada yako

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Msilinunue. Nimerudi na Kibonge, amelitazama, shingo imepinda na nyuzi zinakoroma. Picha za simu zinadanganya. Afadhali mtoto aje na la kuazima. Nina wateja mlangoni.

Mdogo wako

4 Machi

Mdogo wangu mwenye macho mawili mazima,

Nakusalimu, na leo nakushukuru kabla ya kukujulia hali. Umetuokoa. Babu alikuwa na huzuni, nikamwambia asikitike, aliyelikataa ni mama yake mdogo, si mpita njia. Akasema kweli.

Nami sikulala. Nimekwenda kwa mkuu wa shule nikiwa na lile gauni langu la kuombea mambo, nikaweka sahihi, na gitaa la shule limeruhusiwa kutoka getini kwa ajili ya majaribio. Waya wake una ugonjwa, unakata sauti unapojisikia, lakini Babu anajua kuubembeleza. Anakuja tarehe kumi na nne. Usimtandikie kama mgeni. Asubuhi ya majaribio mpe maneno ya mama, kwa kuwa wa hapa atakuwa mbali.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo, hatujambo. Majaribio yamekwisha. Mtoto wetu amepata bendi. Wamemsikiliza, wakasema ndiye. Tumshukuru Mungu. Sina mengi leo.

Mdogo wako

25 Machi

Mama mwenzangu,

Maana leo sikuiti mdogo. Nakusalimu kwa vifijo, mguu wenyewe umepona kwa muda. Barua yako nimeisomea stendi, karani wa basi akadhani nimefiwa, jinsi nilivyokaa chini.

Mtoto wetu amepata bendi. Mtaa mzima unajua. Muuza mkaa anajua. Yule jirani aliyesema besi ni gitaa la watu waliokosa magitaa ya maana nimemsomea kwa sauti, mara mbili, nikamwuliza kama amesikia vizuri. Mkuu wa shule ananiita Mama Bendi. Nimeanza kumshonea Babu suti ya jukwaani, kijivu, ya mikono mipana ili asibanwe akinyoosha shingo ya gitaa.

Simu yake imezimwa tangu siku ile. Nimejiambia nyota hawapokei simu ovyo, lakini mkumbushe nyota huyu kwamba ana mama. Na unieleze kila kitu, alivaa nini, walimwambia nini, ulilia?

Dada yako

13 Aprili

Mdogo wangu,

U mzima? Hukunijibu, na sasa najua sababu.

Babu amerudi. Nilikuwa kibarazani na wateja wanne, nawaeleza jinsi anavyosimama jukwaani, nanyoosha na mikono. Mmoja akatazama nyuma yangu, akasema, "Mama Bendi, nyota wako si huyu hapa?" Nikageuka. Amekonda, ana vumbi, gitaa la shule mgongoni. Majuma yote hayo alikuwa stendi ya mjini kwenu akipakia mizigo, kwa kuona haya kuja kuniambia kwamba hakupata. Hakujua mama yake alikuwa tayari akimshonea suti.

Amenieleza taratibu, hataki nikukasirikie. Alipofika kwako ulimwambia kwamba Kibonge ametumwa kazi nje ya mji. Asubuhi ulimshika kichwa ukampa maneno ya mama, kama nilivyokuomba. Kule hotelini wakamweka kwenye benchi karibu na jiko asubiri zamu. Akasikia ndani wimbo wa polepole, na mtu anayenyamaza panapotakiwa. Akajisemea, huyu amefundishwa na nani? Mlango ukafunguliwa, akatoka Kibonge na gitaa la rangi ya chungwa iliyopauka.

Kibonge alimkumbatia. Akamwambia, "Kaka, mama alisema umeghairi hili, umeamua kubaki na la shule." Babu akaomba alishike. Akafumba jicho moja. Mdogo wangu, shingo imenyooka. Akabonyeza nyuzi kule chini, hazikukoroma. Akamrudishia, akasema ni gitaa zuri, akaingia ndani. Waya wa shule ukakata sauti katikati ya wimbo, wakamshukuru kwa kuja. Kwa Kibonge hakusema neno, ameona si kosa lake.

Mtu akiniuzia kitambaa kibovu namrudishia. Wewe nikurudishie nini? Na lile neno, "wetu", ulikaa ukalichagua, au lilikuja lenyewe?

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa najua hutaiitikia.

Nilirudi kwa fundi na barua yako mkononi. Kibonge alifumba jicho akasema, "Mama, imenyooka, mwandikie Mama Mkubwa haraka lisije likachukuliwa." Akaliweka mezani kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Njia nzima vidole vyake vilikuwa vikibonyeza hewa. Gundi ya viatu imemla ncha za vidole, Dada, na bado anapiga.

Miaka yote barua zako ni Babu na Babu. Nikakuandikia kwamba wangu naye anapiga, ukanijibu kwa nyuzi mbili na kaptula. Hukuniuliza Kibonge anapigaje. Nikauza jokofu la barafu, nikalinunua. Nikamwambia mmeghairi. Habari ya wimbo wa polepole nilimwambia mimi, nikasema nimeisikia sokoni. Lile neno sikulichagua. Nilitaka kuandika "mwanangu", mkono ukaona haya.

Barua yako Kibonge aliipokea kwa karani akaisoma kabla yangu. Tangu hapo haendi kazini. Gitaa amelifunga kwenye mfuko wake, anasema atamletea Babu, ni lake. Mimi hanisikilizi, hata maji nikimpa anaweka chini. Hoteli wametuma mtu mara moja, hawatatuma tena. Wewe atakusikia. Mwambie abaki, Dada. Nakuomba kwa jina la baba yetu.

Mdogo wako

2 Mei

Nimesoma.

Kibonge asilete gitaa hapa. Babu amesema hatalishika, na amesema bila hasira. Mpe Kibonge barua hii aisome mwenyewe.

Kibonge, baba, rudi kazini kesho asubuhi. Wakikuuliza ulikuwa wapi, waambie ulikuwa na msiba, hutakuwa umesema uongo. Gitaa ulinunuliwa, bendi ulipata kwa vidole vyako, na kaka yako amenithibitishia hivyo, naye masikio yake siyatilii shaka. Suti ya kijivu nitaipunguza mabega, niletee vipimo kwa karani. Habari zako uniandikie wewe, kwa mkono wako.

Na wewe uliyemzaa. Ulichosema juu ya barua zangu kimenichoma, kwa kuwa ni kweli. Ungeniandikia hivyo mwezi wa Februari, ningeona haya, na leo tungekuwa ndugu.

Nimezunguka mtaani kuwaambia kwamba aliyepata ni mtoto wa mdogo wangu. Wakasema hongera basi, si wako pia huyo. Nikasema ni wangu. Wakauliza, na huyo mdogo wako hajambo? Nikasema sijui.

Mama Mkubwa wa Kibonge