Kitambaa cha Kudarizi Juu ya Kompyuta

Ndalambo, Jumapili mchana

Mke wangu Mama Rehema,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, na Rehema hajambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaonisumbua. Leo kijiji chote kimekwenda kanisani, nimebaki mimi na kuku wa jirani. Kwaya naisikia mpaka hapa mezani. Najua utasema si ungepiga simu. Simu Rehema anainyakua, Mama naye anataka kusalimia, inakatika kabla sijakwambia la moyoni. Barua hainyakuliwi.

Nilikuahidi kwamba huu ni mwaka wangu wa mwisho huku. Ile nafasi ya shule ya hapo Muheza inangoja cheti changu tu, na cheti kinangoja mtihani mmoja, Jumamosi ijayo. Unafanyika kwenye kompyuta, kwa programu ya chuo, na usipokuwa nayo huingii. Ukikosa, mpaka mwakani. Basi programu hiyo ilinigomea wiki nzima!

Kila asubuhi naanza kuipakua kwenye kompyuta kabla ya kwenda darasani. Nikirudi saa nne, kompyuta imezima, kimya. Nikiiwasha inaniambia kazi haikukamilika, anza upya. Nikalaumu mtandao, nikasogeza meza dirishani. Nikalaumu umeme. Nikafuta picha zote ili nafasi ipatikane, isipokuwa ile ya Rehema na pengo lake. Mwalimu mwenzangu Sichone, mwenyeji wa hapa, akaniambia nipumzike kidogo. Nikamjibu vibaya, nikamwambia yeye analala na mkewe, hajui ninachokimbilia. Jioni akaniletea mahindi ya kuchoma, nikayala kwa aibu.

Jana nikasema liwalo na liwe. Nikaifunga kompyuta ndani ya kitambaa chako ulichonidarizia, nikadandia lori la mahindi hadi Tunduma kwa fundi aliyeniuzia. Ni binti wa Kinyiha kutoka Mbozi, mpole, lakini mimi nilifika nimefura.

"Umeniuzia kopo," nikamwambia.

"Shikamoo, mwalimu. Hebu ianzishe kama unavyofanya nyumbani, nione."

Nikaianzisha. Halafu, usicheke Mama Rehema, mkono wangu wenyewe ukainamisha kioo, ukachukua kitambaa chako cha maua mekundu, ukakikunja mara mbili na kuifunika kompyuta pembe zote nne, kama unavyofunika redio yetu.

"Mwalimu, ndiyo nini hiyo?"

"Vumbi. Kwetu kule yakipita malori hata chai ina mchanga."

Akapitisha kiganja pembeni, akakitoa upesi. "Hapa ndipo inapotolea joto. Wewe unaziba, inachemka, inajizima yenyewe isiungue. Haina ugonjwa wowote, mwalimu."

Lo! Dukani wakaangua kicheko. Mzambia mmoja aliyekuja kuchaji simu alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikataka kucheka, machozi yakanitangulia. Wiki nzima nilikuwa naizuia safari ya kurudi kwako kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa kitambaa chako. Ulinipa ukisema, "Tunza vitu vyako, Baba Rehema, huko hakuna wa kukutunzia." Nikatunza mpaka nikaharibu.

Nikamwomba radhi yule binti. "Hamna neno," akasema. "Mama yangu Mbozi anafunika televisheni hata watu wakiwa wanaitazama."

Tukakaa tukaingoja, wazi, haina kitu juu. Ilipofika mwisho ikaandika: Imekamilika. Nikasoma kwa sauti, nikasoma tena. Nikageuka kutafuta wa kumkumbatia, nikaona wateja tu wanaongoja zamu zao. Nimekukosa mno, mke wangu. Siku nyingine najikazakaza, lakini jana nilishindwa.

Sasa kompyuta ipo hapa mezani wazi, na vumbi liingie litakavyo. Nilipita kwa Sichone nikamtaka radhi na yeye. Akasema alishasahau, na Jumamosi atakaa mlangoni kwangu asije mtu kubisha hodi wakati wa mtihani.

Niombee. Msalimie Mama, mwambie asiniache kwenye dua zake. Msalimie kaka Athumani anayetuangalizia michungwa. Bi Mwanaidi aliyekufundisha kudarizi msalimie pia, ila habari hii usimpe, maana atanitangaza mtaa mzima. Na Rehema mwambie picha yake ipo.

Kitambaa usidhani nimekitupa. Asubuhi hii nimekifua, nikakipiga pasi, nikakilaza kwenye begi la safari. Bado hakuna kitu kingine ndani yake.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Rehema