Honi ya Bwejuu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, ila bibi yako anasema sauti yako kwenye simu ni ya mtu asiyekula.

Umeniuliza, wewe unayesomea uhandisi wa magari chuoni, kama kuna gari lililowahi kunishinda. Lipo moja, Bwejuu, ujanani mwangu.

Mjane mmoja alikuwa amekaa eda. Gari la marehemu mumewe lilikuwa uani, na kila alasiri, saa ambayo marehemu alikuwa akirudi kutoka kazini, likipiga honi lenyewe. Watu walishalisomea Yasini. Mimi, fundi niliyeitwa, nikacheka. Niliona waya umechubuka. Ukipata joto la jua unalegea na kugusa bati. Nikaukata, nikang'oa na honi.

Alasiri ikapita kimya. Nyuma ya pazia mjane akaniuliza taratibu, "Ulimuuliza nani kabla ya kumnyamazisha?"

Baada ya eda nilirudi kumtaka radhi, nikarudi tena, mwisho nikamposa. Ndiye bibi yako.

Honi nimeificha kabatini, haina waya wala betri. Jana alasiri bibi yako aliinuka ghafla, akajitanda kanga yake vizuri, akaenda kufungua mlango.

Mimi sikusikia kitu.

Babu yako