Hesabu ya Mteremko wa Kirando

Tabora, 2 Juni 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ya bwenini. Mama na wadogo zangu hawajambo?

Baba, likizo niliona wewe na Baba Mdogo Hamis mkifika juu ya mteremko wa Kirando, mnazima injini na kuweka fri, yaani bila gia, mpaka chini ili kubana dizeli. Nilinyamaza kwa heshima. Sasa tumesoma fizikia na ninaogopa. Lori likiwa juu lina nishati hata likisimama. Likishuka, nishati hiyo inageuka mwendo. Unazidisha uzito kwa kumi, kisha kwa kimo. Tani nane, yaani kilo elfu nane, na tuseme kimo cha mita arobaini na tano mpaka kona ya kwanza: jouli milioni tatu na laki sita! Nani atazizuia pale konani? Tafadhali, acheni fri.

Binti yako,
Kulsumu

Sumbawanga, 15 Juni 1974

Mwanangu Kulsumu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mama yako anasema ule vizuri.

Nimeshika usukani kabla hujazaliwa, leo wewe ndiye wa kunifundisha kuteremka! Nilimsomea Hamis barua yako, akacheka mpaka akakaa chini. Fri nilimfundisha mimi, basi nami nikacheka. Ila hizo milioni zako zilinikaa kichwani.

Dizeli imepanda tena, na kijiji kipya cha ujamaa kule chini kinangoja mahindi, watu hawana akiba. Fri hatuachi. Lakini tumepunguza magunia ishirini. Umesema mwenyewe tuzidishe uzito. Uzito ukipungua, jouli zinapungua na kasi nayo inapungua. Mgongo unaniuma, kwa hiyo Jumamosi tarehe 29 ataendesha Hamis. Nimemhakikishia lori litashuka polepole. Umeridhika, mwalimu?

Baba yako,
Mwinjuma

Tabora, 24 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine nitaziandika baadaye, nisamehe.

Barua yako imefika leo. Hapana, Baba! Kosa ni langu, nilikuandikia nusu ya somo. Nishati ya mwendo nayo ina uzito ndani yake: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Ukizilinganisha nishati hizo mbili, uzito uko pande zote mbili, unafutika. Kinachobaki ni kimo. Kwenye fri, ukiacha msuguano wa barabara, lori litafika konani kwa kasi ya kilometa mia na nane kwa saa, liwe limejaa au tupu. Magunia mliyopunguza hayapunguzi kasi!

Mwambie Baba Mdogo ashuke na gia namba moja, injini ikiwaka. Nimekwenda posta kupiga simu ya maandishi, wanasema waya umekatika. Marsiana, muuguzi wa shule, anapanda treni ya Mpanda leo hii. Kutoka Mpanda atapanda basi, akukabidhi barua hii mkononi. Zimebaki siku tano.

Kulsumu

Sumbawanga, 7 Julai 1974

Mwanangu,

Mama yako ameanza kula kidogo.

Treni iliharibika njiani. Marsiana alifika Jumatatu tarehe mosi, akatukuta msibani. Hamis hakuiweza kona ya kwanza. Tulimzika Jumapili. Beda, utingo wake, aliruka na kuvunjika mguu, anasema mpaka mwisho Hamis alikuwa akikanyaga breki na kusema, "Kaka kasema litakwenda polepole."

Barua yako nimeisoma mara nyingi, bado sielewi huo uzito unavyofutika. Mama yako mdogo Zaitun ananiuliza kama ningepunguza magunia mengine mumewe angepona. Nimjibu nini? Usijilaumu, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema.

Baba yako,
Mwinjuma

Tabora, 20 Julai 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimelia mpaka wenzangu wakamwita mwalimu wa zamu.

Mwambie Mama Mdogo ukweli: hata ungepunguza magunia yote, kasi ingekuwa ileile. Si magunia, Baba. Ilikuwa fri, na mimi niliyeandika nusu.

Juzi tulifanya mtihani wa fizikia. Swali la nne lilikuwa la gari juu ya mlima, limezimwa injini. Walitaka kasi yake likifika chini. Jibu nililijua kabla sijamaliza kulisoma. Nilikaa nalo mpaka kengele ikalia, nikaukabidhi ukurasa ukiwa mtupu.

Binti yako,
Kulsumu